Jezi ya Sadaka na Hesabu Isiyosomwa

Waandishi wa shirika la habari la Reuters nchini Singapore waliwahi kufanya jambo ambalo watoaji wengi wa sadaka wangependa kulifanya, ila hawana muda wala vifaa. Walichukua jozi 11 za raba za michezo, wakachimba kijishimo ndani ya soli ya kiatu kimoja katika kila jozi, wakaficha humo kifaa kidogo cha kuonyesha mahali kilipo, kisha wakazitumbukiza raba hizo kwenye mapipa ya kukusanyia. Mapipa yalikuwa ya mradi wa kampuni ya kemikali ya Dow ya Marekani pamoja na Sport Singapore, taasisi ya serikali inayosimamia michezo. Wananchi walikuwa wameahidiwa kwamba raba zao zitasagwa ziwe sakafu laini ya viwanja vya watoto na njia za kukimbilia. Ripoti ilipotoka Februari 2023, hakuna hata jozi moja kati ya zile 11 iliyokuwa imefika huko. Karibu zote zilikuwa zimepitia kwa msafirishaji wa mitumba, na tatu waandishi walizikuta wenyewe katika masoko ya Jakarta na Batam, Indonesia, nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa nguo za mitumba tangu 2015. Dow waliomba radhi, na msafirishaji akatolewa kwenye mradi.

Kisa hicho nimekitanguliza kwa sababu hakina mwizi. Raba hazikupotea bandarini wala hazikutupwa baharini. Ziliuzwa ili zivaliwe, na mtu wa mazingira anaweza kukuambia bila aibu kwamba raba inayovaliwa mara ya pili imetumika vizuri kuliko iliyosagwa. Kilichoharibika ni ahadi: mtoaji aliambiwa jambo moja, mzigo ukaenda kwa jambo jingine. Ondoa Singapore uweke Leeds, Hamburg au Toronto, ondoa raba uweke jezi, bukta na njumu za watoto, utakuwa umelifikia swali linaloyazunguka mashirika mengi ya hisani yanayokusanya vifaa vya michezo. Je, yana haki ya kuuza yalichopewa bure? Na yakiuza, yanapaswa kumwambia nani, lini, na kwa undani gani?

Msimamo wangu niuweke mezani mapema. Kuuza si kosa, na mara nyingi ni busara. Shida iko kwenye nani anajua nini. Katika safari ya jezi ya mtoto, anayeitoa haoni inakokwenda, na anayeinunua mwisho wa safari haoni inakotoka wala ilivyo. Wa katikati ndiye anayeona pande zote, na faida hukaa naye.

Nguo za michezo za watoto zina tabia yake hata ndani ya biashara ya mitumba. Mtoto hukua haraka kuliko nguo inavyochakaa. Njumu za mtoto wa miaka tisa hubana kabla meno yake hayajaisha, na klabu kubwa za Ulaya hutoa jezi mpya kila msimu, kwa hiyo jezi ya mwaka jana huwa kuukuu machoni pa mtoto ingawa kitambaa bado ni kizima. Jezi hiyo haikununuliwa rahisi. Ya mtoto wa shabiki wa klabu ya Ligi Kuu England huweza kupita pauni 50. Kabatini mwa familia ya kawaida basi kunakaa mali safi, imevaliwa mara chache, ina nembo inayotambulika dunia nzima. Muuza mitumba yeyote wa soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, atakuambia hiyo ni nguo inayotoka asubuhi.

Na kuna jambo la pili. Sadaka ya jezi ya mtoto huwa na watoaji wawili, mzazi na mtoto mwenyewe. Ili mtoto akubali kuachana na jezi yenye jina la mchezaji wake, huambiwa hadithi: itamfikia mwenzako asiye na jezi. Shule na vilabu vya watoto huandaa siku za makusanyo kwa hadithi hiyohiyo, na mashirika huiweka kwenye mabango yao kwa picha ya mtoto mweusi akikimbiza mpira uwanja wa vumbi. Mtu mzima anaweza kusoma maandishi madogo akaelewa kwamba «kusaidia watoto kupitia michezo» huenda maana yake ni kuuza jezi na kutumia pesa kwenye miradi. Mtoto hasomi maandishi madogo. Ndiyo maana hapa, kuliko kwenye koti la babu, ukimya wa shirika unanikera zaidi.

Lakini tuwatendee haki wanaouza. Kumfikishia mtoto wa Singida jezi moja kutoka Birmingham ni kazi ya gharama: kukusanya, kuchambua, kufua pengine, kufunga, kusafirisha kwa kontena, kutoa bandarini, kukodi lori, kugawa. Gharama hizo zikijumlishwa huweza kuizidi kwa mbali bei ambayo jezi ileile ingeuzwa sokoni. Shirika lenye akili litauliza kama si afadhali liuze jezi hiyo Birmingham, kisha litume pesa zikashone jezi Dar es Salaam. Yapo mashirika yanayopeleka kweli, na hayastahili kuwekwa kapu moja na wengine. KitAid ya Uingereza, kwa mfano, tangu 1998 imekuwa ikikusanya jezi za timu na kuzituma nje, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zinazopokea. Ila kazi hiyo inawezekana kwa mzigo uliochaguliwa, seti kamili za timu, si kwa kila mfuko unaoachwa mlangoni.

Kugawa bure nako kuna historia yake isiyopendeza. Mwaka 2010 Mmarekani mmoja alitangaza mpango wa kupeleka fulana milioni moja Afrika, akakutana na upinzani mkali wa Waafrika na wataalamu wa maendeleo, waliomuuliza nani alimwambia Afrika haina fulana. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya World Vision. Kila fainali ya ligi ya kandanda ya Kimarekani, fulana na kofia za ubingwa huchapishwa kwa timu zote mbili kabla ya mchezo, na za timu iliyoshindwa haziwezi kuuzwa Marekani. World Vision ilikuwa ikizipokea na kuzigawa katika nchi maskini. Pittsburgh Steelers waliposhindwa fainali ya 2011, shirika likapokea nguo zipatazo 100,000 zinazotangaza ushindi ambao haukutokea. Wakosoaji hawakuuliza tu kama mtoto wa Zambia anaihitaji fulana hiyo. Waliuliza pia inaandikwaje kwenye hesabu, maana zawadi ya vitu ikithaminiwa kwa bei ya dukani huyafanya mapato ya shirika yaonekane makubwa, na gharama zake za ofisi zionekane ndogo kwa uwiano. Fulana isiyouzika popote Marekani huweza kuwa na thamani nono kwenye karatasi.

Kwa upande wa uchumi, utafiti unaotajwa zaidi ni wa Garth Frazer, uliochapishwa 2008. Alikadiria kwamba nguo za mitumba zilizoingia Afrika zilichangia karibu asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa mavazi barani kati ya 1981 na 2000, na karibu nusu ya kushuka kwa ajira katika sekta hiyo. Mtu anaweza kubishana na hesabu zake. Miaka hiyo ndiyo ya kufunguliwa kwa soko, bidhaa za Asia na viwanda vya umma vilivyokuwa vimechoka. Hata hivyo zinatukumbusha kwamba jezi ikifika ikauzwa au ikafika ikagawiwa, fundi cherehani wa Mwanza anashindana nayo vilevile, na dhidi ya ile ya bure hana hata bei ya kupunguza. Kwa hiyo mzazi anayedhani kugawa ni safi na kuuza ni uchafu amepewa mizani mbovu.

Basi kama kuuza kunatetewa hivi vizuri, kwa nini hakusemwi?

Sehemu ya jibu iko kwenye nembo. Ujerumani kwa miaka mingi yamekuwapo mapipa ya nguo barabarani yenye jina la shirika la hisani, huku anayeyaendesha akiwa mfanyabiashara anayelipia matumizi ya jina hilo. Mashirika kadhaa ya kanisa na ya kijamii yaliona hatari hiyo mapema, yakaunda mwavuli wa FairWertung mwaka 1994 ili wanaokusanya wabanwe kwa masharti, mojawapo likiwa kusema ukweli juu ya kinachofanyika kwa nguo. Hilo halikuzuia kelele za 2011, televisheni ya NDR ilipoonyesha filamu ya uchunguzi iliyozifuata nguo za sadaka kutoka Ujerumani mpaka masoko ya Tanzania. Watazamaji walishtuka kuona zikiuzwa. Watanzania walioiona, nadhani, walishtuka kwamba kuna mtu hakujua.

Mwaka huohuo magazeti ya Uingereza yaliandika juu ya nguo za Jeshi la Wokovu: kampuni binafsi iliyokuwa na mkataba wa kuendesha ukusanyaji ilikuwa imejipatia mamilioni ya pauni katika miaka michache. Habari yenyewe haikuwa ya mkataba haramu. Ilikuwa ya pengo kati ya anachofikiri mtu anapobeba mfuko hadi kwenye pipa na kilichoandikwa kwenye mkataba asiouona.

Sheria ya Uingereza ilijaribu kuliziba pengo hilo. Sheria ya Hisani ya 1992 inamtaka mfanyabiashara anayechangisha kwa jina la shirika aeleze shirika litanufaika vipi. Ndiyo maana mfuko unaosukumwa kwenye tundu la barua huwa na sentensi inayosema kwamba kwa kila tani itakayokusanywa shirika litapata pauni kadhaa. Sentensi hiyo ni ya kweli, na karibu haimsaidii mtu. Nani anajua kabati lake lina tani ngapi? Tufanye hesabu. Chukua jezi ya mtoto yenye uzito wa gramu 125. Tani moja ina jezi 8,000. Shirika likilipwa pauni 100 kwa tani, kila jezi inaliletea peni moja na robo. Mzazi aliyeinunua kwa pauni 50 akiambiwa «peni moja na robo» badala ya «pauni 100 kwa tani», ataamua vingine. Huenda ataipeleka dukani kwa shirika lenyewe, au atampa mtoto wa jirani. Tarakimu zote mbili ni sahihi, ila moja imechaguliwa kwa sababu inasikika kubwa. Na shirika likikusanya lenyewe kisha likauza mzigo kwa mfanyabiashara, hata sentensi hiyo ya tani haidaiwi kwa namna ileile.

Baada ya hapo mzigo unaingia kwenye kiwanda cha kuchambulia. Huko wapo wafanyakazi wanaoweza kutofautisha jezi halisi na ya kuigiza kwa kugusa. Nguo hugawanywa kwa makundi mengi: ya kuuzwa Ulaya kwa wapenzi wa nguo za zamani, ya Ulaya Mashariki, ya Afrika, ya kukatwa matambara, ya kutupwa. Jezi ya mtoto yenye nembo ya klabu kubwa haichanganywi na vesti. Uchambuzi hufanyika Ujerumani, Poland, Karachi, na katika maghala ya Sharjah na Dubai, ambako nguo zilizotolewa Ulaya hufunguliwa, hupangwa upya na kusafirishwa tena kuja kwetu. Shirika la Mazingira la Ulaya limehesabu kwamba nguo zilizotumika zinazotoka Umoja wa Ulaya zilipanda kutoka takriban tani 550,000 mwaka 2000 hadi karibu milioni 1.7 mwaka 2019, na asilimia 46 za mwaka huo zilikuja Afrika. Mzigo uliopitia Ghuba huweza kuandikwa kuwa umetoka Ghuba. Ukimuuliza mchuuzi wa Mombasa jezi imetoka wapi, atakutajia Dubai, na hatakuwa amekudanganya.

Sasa mtazame huyo mchuuzi. Amelipia belo, mara nyingi la kilo 45 au zaidi, lililobanwa kwa mashine na kufungwa kamba za plastiki, na sharti la kawaida ni kwamba halifunguliwi kabla ya kulipa. Anasoma lebo tu: watoto, michezo, gredi ya kwanza. Likifunguliwa ndipo anajua kama amepata au amekatwa. Gikomba wana majina ya pande zote mbili za bahati hiyo. Kamera ni zile nguo za kwanza zinazogombewa belo linapopasuliwa. Fagia ni yale mabaki ambayo mtu huuza kwa bei ya kuondoa kero. Jezi safi ya mtoto ni kamera. Soksi moja moja, bukta iliyokatika lastiki na traksuti yenye zipu mbovu ni fagia, na baadaye ni taka.

Taka hiyo si ndogo, na hapa nguo za michezo zina kesi yao ya peke yake kwa sababu nyingi ni poliesta, yaani plastiki. Ripoti ya mashirika ya Clean Up Kenya na Changing Markets ya Februari 2023 ilikadiria kwamba zaidi ya nguo milioni 300 za kitambaa cha plastiki, zilizoharibika au zisizouzika, hupelekwa Kenya kila mwaka. Wafanyabiashara wa mitumba waliipinga vikali, wakisema hakuna mtu mwenye akili anayelipa dola zake kununua takataka. Hoja yao ina uzito, lakini ina tundu: hanunui takataka kwa kujua, ananunua belo lililofungwa. Anayejua kilichomo ni aliyelifunga.

Hapo ndipo miisho miwili ya safari inapofanana. Mama wa Leeds anatoa mfuko asiojua utaishia wapi, mama wa Gikomba ananunua belo asilojua lina nini. Ujinga wa wote wawili una bei, na bei hiyo ni mapato ya wa katikati. Mashirika ya hisani hupenda kujiweka upande wa mama wa Leeds, kana kwamba nayo yanaachia mzigo mikononi mwa soko na kulala. Ukweli ni kwamba yanaweza kuchagua yaweke nini kwenye mkataba.

Utetezi unaosikika sana ni kwamba kufuatilia kila nguo hakuwezekani. Kwa hoja hiyo Uingereza yenyewe imetoa jibu, pengine bila kukusudia. Upo utaratibu wa kodi uitwao Gift Aid, ambao huliruhusu shirika kurudishiwa na serikali peni 25 kwa kila pauni inayotolewa na mlipa kodi. Utaratibu huo ni wa pesa, si wa nguo. Ili nguo ziingie, duka la hisani huziuza kwa niaba ya mtoaji kama wakala: nguo inabaki kuwa yake mpaka iuzwe, pesa zinakuwa zake, kisha anazitoa kama mchango. Ili hilo lisimame kisheria, mfuko hubandikwa lebo yenye namba ya mtoaji, kila nguo husomwa na mashine inapouzwa, na mtoaji huandikiwa barua kuambiwa vitu vyake vimeleta kiasi gani. Maduka ya kawaida kabisa ya mitaani, yanayoendeshwa na wastaafu wanaojitolea, hufanya kazi hiyo kila siku. Kwa hiyo jezi moja inaweza kufuatiliwa kutoka kwenye mfuko hadi kwenye mashine ya kulipia. Hufuatiliwa pale ambapo ufuatiliaji unaleta peni 25.

Simaanishi kwamba kila jezi ipelekewe barua hadi Tandika. Namaanisha kwamba neno «haiwezekani» lisomwe kama «hailipi».

Marekani wamelishika tatizo upande wa vitabu vya hesabu. Mashirika yasiyotozwa kodi hujaza kila mwaka fomu namba 990, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, na yanayopokea vitu vya zaidi ya dola 25,000 huambatisha jedwali la kuonyesha aina za vitu hivyo, nguo zikiwa na mstari wake. Mwaka 2020 bodi inayoweka kanuni za uhasibu nchini humo iliongeza sharti ambalo kwa mjadala wetu lina thamani kuliko hotuba nyingi: shirika litenganishe zawadi za vitu na za pesa, na liseme kama vitu hivyo viligeuzwa kuwa pesa au vilitumika. Hiyo ndiyo hoja yote katika sentensi moja ya kihasibu. Bado kuna udhaifu, kwa kuwa mzazi haendi kusoma maelezo ya hesabu kabla ya kufungua kabati, lakini mwandishi wa habari anaweza kwenda, na bodi ya shirika haiwezi tena kujifanya haikuulizwa.

Kwetu Afrika Mashariki swali la «imeuzwa au imetumika» lina uzito wa kodi moja kwa moja. Mitumba inayoingia kibiashara hutozwa, kwa ushuru wa pamoja wa forodha, asilimia 35 ya thamani au kiwango fulani kwa kilo, kutegemea kipi ni kikubwa. Mzigo wa msaada unaweza kuombewa msamaha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema bidhaa iliyosamehewa ushuru ikitumika kinyume cha kusudi la msamaha huo, ushuru unadaiwa. Maana yake ni kwamba jezi zilizopita bandarini kama msaada wa watoto kisha zikaonekana kwenye meza ya sokoni zimemwibia mtu wa pili mbali na mtoto: mchuuzi wa meza ya jirani aliyelipia belo lake kila senti. Kwa mchuuzi huyo uwazi wa shirika la hisani si suala la maadili ya wazungu wa mbali. Ni ushindani wa haki.

Siasa nazo zimeonyesha jinsi sadaka na biashara zilivyofungamana. Viongozi wa Jumuiya walipokubaliana 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, aliyelalamika Washington hakuwa shirika la hisani. Ilikuwa SMART, jumuiya ya wafanyabiashara wa nguo zilizotumika, iliyopeleka malalamiko kwa mwakilishi wa biashara wa Marekani mwaka 2017. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru chini ya AGOA. Nguo zilizotolewa kwa huruma ndizo zilizotetewa kwa vitisho vya kibiashara. Sijui ni wangapi kati ya waliozitoa waliwahi kuambiwa.

Kuna bidhaa nyingine inayouzwa katika safari hii, nayo haipimwi kwa kilo: picha ya mtoto. Shirika likiuza jezi 8,000 na kugawa 80, kitakachoonekana kwenye bango la mwaka ujao ni mtoto mmoja wa zile 80, anacheka, jezi imemzidi mabega. Picha hiyo ndiyo itakayoleta jezi 8,000 nyingine. Haidanganyi juu ya mtoto huyo. Inadanganya juu ya uwiano. Sheria za kwetu zimeanza kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Septemba 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Makocha wa vituo vya watoto wanaopokea seti za jezi na kuombwa «picha chache za kuwaonyesha wafadhili» wangefanya vyema kuijua kesi hiyo. Wangeuliza pia picha zitakaa wapi, kwa muda gani, na mzigo uliobaki umekwenda wapi. Kocha ana haki ya swali hilo kama mzazi wa Leeds, ingawa aliyepewa bure huona haya kuuliza.

Je, shirika likisema wazi kwamba linauza, watu wataacha kutoa? Hofu hiyo ndiyo inayofunga midomo, na historia haiungi mkono. Oxfam walifungua duka lao la kwanza la kudumu mtaa wa Broad Street, Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940, na tangu hapo kila anayepeleka koti anajua litatundikwa dirishani likiwa na bei. Watu hawakuacha. Soles4Souls ya Marekani, inayokusanya viatu, iliandikwa na gazeti la nyumbani kwao Nashville mwaka 2011 kwamba sehemu ya viatu ilikuwa ikiuzwa huku watoaji wakidhani vinagawiwa. Leo shirika hilo linaeleza hadharani kwamba viatu vingi huuzwa kwa wachuuzi wadogo wa nchi kama Haiti na Honduras ili wajipatie kipato, na bado linaletewa viatu. Mtu anaweza kuupinga mfano wao wa kibiashara. Hawezi tena kusema hakuambiwa.

Kwa nguo za michezo za watoto kinachotakiwa kuandikwa kwenye mfuko hakizidi mistari minne, na mtoto wa darasa la nne akisome akielewe: jezi nyingi tunaziuza; mnunuzi wetu ni kampuni fulani, na hatuna udugu nayo; mwaka jana kila jezi ilituletea kiasi hiki; chache, idadi hii, zilipelekwa kwa timu za watoto katika nchi hizi. Tarakimu ziwe za jezi, si za tani. Jina la mnunuzi ndilo litakaloleta ubishi kuliko yote, kwa kuwa mikataba ya mitumba hupenda usiri, na pia kwa sababu wakati mwingine mnunuzi ana kiti kwenye bodi.